Sehemu Mbili za Elfu

Printa ilikuwa moja, na maafisa habari wa michezo walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alitaka matokeo yake sasa hivi, si baada ya dakika mbili. Ukumbi wa riadha ulikuwa umefurika Jumamosi ile ya Januari: bastola za kuanzisha mbio zinalia, makocha wanapayuka, harufu ya dawa ya kuchua misuli imechanganyika na harufu ya soseji. Nje Milwaukee ilikuwa imezikwa kwenye theluji, lakini humo ndani watu walikuwa wakitiririkwa na jasho.

Loretta Piontek wa Chuo cha Saint Odile alisimama mbele ya ile printa kama mtu anayemsubiri mdaiwa mlangoni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, sweta ya kijani iliyombana vizuri, buti za theluji, na nywele za rangi ya ngano alizozikusanya juu na kuzichomeka penseli. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kakimbia kwa muda gani na nani karusha umbali gani, kisha kuwapelekea wenye magazeti. Miaka saba hakuwahi kutoa kosa. Yeye alilijua hilo, na wenzake walijua kwamba analijua.

"Dada, hii karatasi yako?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mweusi, mwembamba wa kiuno, kavaa koti la kahawia na tai ya manjano yenye vibata. Kifuani alikuwa na kadi: Amos Tolliver, Chuo cha Harwick. Mkononi alikuwa na karatasi ya Loretta.

"Yangu. Na sikumbuki kukuomba uisome."

"Nimeisoma mpaka chini. Tabia mbaya, najua, mama yangu alinichapa weee mpaka akachoka mwenyewe. Huyu mrusha tufe wako, Pakou Thao, umemwandikia mita arobaini na nne."

"Ndiyo. Kuna tatizo?"

"Mita arobaini na nne, dada yangu, tufe lingetoboa ukuta likammaliza muuza soseji. Ni futi."

Loretta akainyakua karatasi, akaitazama. Damu ikampanda kutoka shingoni mpaka kwenye ncha za masikio.

"Umeshaituma?" Amos aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Basi hakuna aliyeona. Mimi tangu asubuhi macho hayaoni vizuri." Alicheka, na alipocheka tai yake nayo ilicheka. "Nikuulize kitu lakini. Huyu binti akishaingia kwenye duara, kabla hajarusha, huwa anafikiria nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mwaka wa pili unaandika habari zake, hujamwuliza?"

"Mimi nauliza umbali."

"Umbali mbona umeandikwa ukutani," Amos alisema, akachukua karatasi zake na kuondoka. Loretta akabaki na hasira ambayo mguu wake mmoja ulikuwa kwenye kicheko.

Swali lilimkera siku tatu kama kipande cha nyama kilichonasa kwenye jino. Siku ya nne alimfuata Pakou mazoezini, akamwuliza. Yule binti, mwenye mabega mapana na sauti ndogo, alishangaa kwanza. Kisha akasema kwamba huwa anahesabu ngazi za nyumba ya bibi yake. Ziko kumi na tatu. Akifika ya kumi na tatu, anarusha.

Loretta alirudi ofisini, akafunga mlango, akatafuta namba ya Harwick.

"Ngazi," alisema simu ilipopokelewa. Hata salamu hakutoa.

"Nani mwenzangu?"

"Loretta Piontek. Anahesabu ngazi za kwa bibi yake. Kumi na tatu."

Ile sauti ikasema taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi na hajui aiweke wapi: "Kumi na tatu. Wewe! Na kwa nini bibi yake?"

"Amos, sitaki kuanza kuuliza tena."

"Umeshaanza, mama. Hili gonjwa halina dawa."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikwenda kwa simu kwanza. Walipigiana asubuhi kuhakikisha majina, mchana kuhakikisha muda, na jioni bila kuhakikisha chochote. Mwezi wa pili ulipoanza walikuwa wakikutana kila Ijumaa kula samaki. Mji mzima hula samaki siku hiyo, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, foleni mpaka barabarani, na hakuna anayeona ajabu. Amos alizaliwa kaskazini mwa mji, Loretta kusini, na katikati walipata baa moja yenye taa nyekundu iliyokaanga sangara mpaka wakalia kama karatasi. Humo Amos alikuwa akimdodosa mhudumu kwa nini mkate wa shayiri na si wa ngano, na Loretta alikuwa akihesabu vipande vya samaki, kwa sababu waliahidiwa vitano na vilikuwa vinne.

"Laazizi, wewe ungekuwa malaika ungehesabu nywele za watu vichwani."

"Na wewe ungempigia Mungu simu kumwuliza kwa nini kaziotesha huko."

"Nisingepiga. Ningekwenda mwenyewe. Maswali mengine si ya simu." Kisha akamshika mkono juu ya meza, mbele ya mhudumu na mbele ya samaki, na Loretta hakuutoa. Alijisikia kama mtu aliyevua buti baada ya kutwa nzima. Alimpenda. Alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Machi, Loretta akiwa palepale akimsubiri, Amos aliingia, hata koti hakulivua.

"Nimempeleka Bettina!"

Bettina Arroyo alikuwa mkimbiaji wake wa maili moja, msichana wa mwaka wa tatu aliyesomea elimu ya udongo na kukimbia kama aliyesahau kitu kwenye jiko. Kila mwaka Chama cha Waandishi wa Habari za Michezo Vyuoni huchagua Kikosi cha Wanamichezo Wasomi: wale wanaoshinda uwanjani na darasani pia. Afisa habari humpendekeza mwanafunzi wake kwa fomu, wenzake wa wilaya ya chama, yenye majimbo matatu, humpigia kura, na anayeongoza katika kila mchezo huitwa Bingwa Msomi wa wilaya. Masharti ni mengi, lakini lenye meno ni moja: wastani wa masomo usiwe chini ya tatu nukta tano katika nne, na ni marufuku kuusogeza juu hata kwa unywele.

"Harwick hatujapata bingwa miaka ishirini na miwili," Amos alisema. "Mtu wa mwisho sasa hivi ni bibi. Na Bettina ana tatu nukta tano kamili. Kamili, mpenzi! Kompyuta ya msajili imesema, na mimi nani nibishane na kompyuta?"

Loretta alitabasamu, ila kitu kilimwasha nyuma ya shingo. Hakukikuna. Alikuwa na siri yake mwenyewe, na siri hiyo ilikuwa imekaa naye mezani.

Alikuwa mhakiki. Bwana Virgil Stensrud, mwenyekiti wa wilaya huko Minnesota, mzee mpole mwenye barua ndefu, alimteua tangu Septemba. Kura zikishahesabiwa, mhakiki huletewa fomu tatu za juu azikague kabla ya kutangazwa. Haambiwi nani wa kwanza, haambiwi nani anafuata nyuma ya hao watatu, wala haruhusiwi kumwambia mtu kwamba yeye ndiye mhakiki. Fomu ya chuo chake haigusi, na ya Loretta mwaka huo ilikuwa ya Pakou. Hayo yote yalikuwa kwenye kanuni. Kilichokosekana kwenye kanuni ni mhakiki afanyeje akiwa anakula samaki na mwenye fomu. Waliotunga kanuni hawakuwahi kuota kwamba maafisa habari wa michezo wanaweza kupendana, na ukiwaona mezani kwao huwezi kuwalaumu.

Aprili zikaja fomu tatu. Ya pili ilikuwa ya Bettina Arroyo.

Hapo Loretta alipaswa kumpigia Bwana Stensrud, aseme: mzee, hii mpe mwingine, mimi na mwenye fomu tunapendana. Alishika simu, akaiweka. Aliona haya. Mapenzi yenyewe yalikuwa na miezi mitatu, hayajatangazwa hata kwa mama yake, na mama yake alikuwa akitangaziwa mpaka bei ya vitunguu. Akajiambia namba hazina mpenzi. Atakagua kama anavyokagua za wengine, basi.

Akakagua. Oktoba, kwenye mbio za nyika, fomu ya Bettina ilisema wastani tatu nukta nne nne. Sasa ilisema tatu nukta tano sifuri. Katikati palikuwa na muhula mmoja tu, na Amos mwenyewe aliwahi kuandika kwa majivuno kwamba Bettina kapata A masomo yote isipokuwa kemia ya udongo, B. Loretta akachomoa penseli kichwani, nywele zikamwagika, akaanza kuhesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Jibu lilikuwa: inaweza kuwa, na inaweza isiwe. Kompyuta ya msajili ilionyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta, na ukweli ulikuwa umejificha kwenye ya tatu.

Mtu mwingine angelala. Yeye alitaka kujua. Aliagiza rekodi kamili za wanafunzi wote watatu, kwa wasajili wao, kama kanuni zinavyoruhusu. Katika siku sita za kusubiri, hata samaki wa Ijumaa alimla bila kusikia ladha.

"Una nini, mpenzi?" Amos alimwuliza. "Leo hata vipande hujahesabu."

"Uchovu."

"Uchovu wa kitu au wa mtu?"

"Amos, kula."

Rekodi ilikuja Jumatatu. Tatu nukta nne tisa nane. Sehemu mbili za elfu. Ukizigeuza kuwa muda, ni kufumba jicho. Ukizigeuza kuwa umbali, ni unene wa ukucha. Loretta alikaa na karatasi ile mpaka chai ikaganda utando. Aliona waziwazi mizani ilivyokaa. Akinyamaza, Bettina anavikwa taji, Amos anacheka na tai yake, na msichana mwingine mahali fulani, aliyetimiza sharti, anaporwa haki yake bila kujua. Akisema, atampoteza mwanamume wa kwanza aliyewahi kumfanya atamani kuuliza kitu. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akaandika: *Hajatimiza sharti la wastani.* Akasaini.

Ijumaa asubuhi tangazo la Bwana Stensrud likaingia kwenye kompyuta za maafisa habari mia moja na arobaini wa wilaya nzima. Loretta alilisoma akiwa amesimama, na aya ya pili ikamkalisha. Mzee alikuwa amemwaga mtama wote: kwamba Bettina Arroyo wa Harwick, aliyeongoza kwa kura, ameondolewa baada ya uhakiki, kwamba mhakiki ni L. Piontek, anayeshukuriwa kwa umakini wake. Na kwamba aliyekuwa wa nne kwa kura, kwa kuwa wa pili na wa tatu tayari wamechaguliwa mabingwa wa michezo mingine na mtu hapewi taji mbili, ndiye sasa Bingwa Msomi wa riadha. Jina lake Pakou Thao. Chuo chake Saint Odile.

Simu ililia kabla hajavuta pumzi.

"Ni wewe," Amos alisema.

"Amos, nisikilize..."

"Nimesoma nikadhani macho. Nikasoma tena. Ni wewe! Umekaa mbele yangu, unakula samaki wangu, unasema uchovu, kumbe umeshika kisu chini ya meza."

"Nilifungwa mdomo. Kanuni haziruhusu..."

"Kanuni! Na kanuni ndizo zilizomweka mtoto wako kwenye kiti cha mtoto wangu? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea."

"Sikujua Pakou anafuata. Wahakiki hatuonyeshwi."

"Mtu anayehesabu vipande vya samaki hakujua."

Neno hilo lilimchoma, na aliyechomwa hachagui maneno. "Na wewe? Unayeuliza mpaka mwenye kuosha sahani kazaliwa wapi? Ulimwuliza Bettina wastani wake? Swali moja tu, Amos. Ulimwuliza?"

Sauti ya Amos ikabadilika, ikawa ya ofisini.

"Kwaheri, Bi Piontek," Amos alisema, na simu ikakatika.

Wiki hiyo barafu ya mwisho iliyeyuka mitaroni, na watu wakatoka na mashati mepesi kama vile mji ulikuwa na sherehe. Loretta alivaa sweta nyeusi siku nne mfululizo. Alipiga mara mbili, hakupokelewa. Ijumaa alipita mbele ya ile baa, akaona foleni, akavuka barabara.

Alhamisi iliyofuata Pakou alikuja ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono yake mikubwa imelala magotini.

"Dada Loretta, naomba unitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye ubingwa. Wasichana wa Harwick wanasema nimeingizwa mlango wa nyuma. Wanasema wewe ulikuwa na yule baba wao wa habari, ukamchezea ili unipe mimi." Alimeza mate. "Nina wastani wa tatu nukta nane tisa. Nimeutafuta mwenyewe, usiku na mchana, nyumba ina watu tisa na meza moja. Lakini kama ni wa kupewa, siutaki. Bibi yangu ataona aibu."

Loretta alimtazama yule binti. Aibu yake mwenyewe, ile iliyomfanya aiweke simu bila kumpigia mzee, sasa ilikuwa imemwangukia mtoto wa watu. Jambo hilo hakuweza kulivumilia.

"Huutoi," alisema. "Nipe mpaka jioni."

Akafungua lile tangazo la Bwana Stensrud, akabonyeza kujibu, akaandika kama anavyoandika siku zote, bila mapambo:

*Mheshimiwa Mwenyekiti. Naomba fomu ya Bettina Arroyo ikaguliwe upya na mhakiki mwingine, kutoka mbali. Sababu: wakati wa kuikagua mimi na Bwana Amos Tolliver wa Harwick tulikuwa wapenzi, tangu Februari. Nilipaswa kukueleza na sikukueleza. Sikuficha kwa faida ya mwanafunzi wangu, sikujua anafuata. Nilificha kwa haya. Nampenda Bwana Tolliver, na bado nampenda, ingawa yeye sasa hataki hata kunisikia. Namba niliyoandika ni ya kweli, lakini aliyeiandika hakuwa mtu sahihi. Kosa hili ni langu peke yangu, si la Pakou Thao, wala la Bettina Arroyo. Wako, L. Piontek.*

Aliisoma mara tatu kutafuta makosa. Hakuona. Akaituma, akaenda kunywa maji.

Aliporudi kompyuta ilikuwa inalia kama kuku aliyeona mwewe. Majibu sita. Tisa. Kumi na nne. Moyo wake ukashuka mpaka kwenye soksi. Tangazo la Stensrud lilikuja kwa orodha ya wilaya, na mwenye kujibu orodha huijibu orodha yote. Kosa hilo wao hulifanya kila msimu. Mwaka jana mtu wa Iowa aliwatumia wote picha ya upele wake iliyokuwa ya kumpelekea daktari. Sasa watu mia moja na arobaini, katika majimbo matatu, walikuwa wamesoma kwamba anampenda.

Mmoja aliandika: *Pole dada. Mapenzi ni kikohozi.* Mwingine: *Ubarikiwe kwa ukweli wako.* Wa tatu, mzee wa Dubuque anayejulikana kwa ukorofi, aliandika mstari mmoja: *Aya nzuri, ila majina ya vyuo yaandikwe kamili mara ya kwanza.* Wa nne, anayezijua Ijumaa za Milwaukee, alitaka kujua wanakula samaki baa gani. Mama yake Loretta, ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote, alipiga simu baada ya saa moja.

"Loretta, huyu Amos ni nani?"

"Mama! Nani kakwambia?"

"Bi Dorota, shoga yangu wa kanisani, mpwa wake yuko Green Bay kwenye michezo hiyohiyo. Unampenda mtu tangu Februari, mimi nasikia kutoka Green Bay?"

Amos peke yake hakujibu.

Jumanne Bwana Stensrud aliandika. Fomu ilikaguliwa na mtu wa Dakota Kusini asiyemjua yeyote, na namba ilikuwa ileile, tatu nukta nne tisa nane. Pakou anabaki bingwa. Bi Piontek anaondolewa kwenye uhakiki kwa miaka miwili. Chini kabisa mzee aliongeza kwamba mkewe anamsalimia. Loretta aliipeleka barua kwa Pakou, akamsomea jina lake kwa sauti. Pakou alifunika uso kwa viganja, na machozi yakapenya kati ya vidole.

Jambo la Pakou likawa limekwisha. La Loretta lilikuwa palepale, na alijizoeza kuliona limekwenda. Alijiambia mtu hufa kwa njaa, hafi kwa mapenzi. Lakini hata njaa hakuisikia.

Jumamosi ya pili ya Mei vyuo vya mji vilikutana uwanjani kwa riadha ya nje. Upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi, anga safi, majani mabichi. Loretta alikuwa kwenye meza ya mkuki, kavaa koti la mvua la buluu na kofia, anaandika umbali. Aliona viatu vya kahawia vikisimama kwenye nyasi upande wa pili wa meza. Hakuinua kichwa.

"Waandishi wanakaa kule," alisema.

"Loretta."

"Natunza umbali, Bwana Tolliver. Ukinichanganya mtu ataibiwa."

Amos hakuondoka. Alikuwa amekonda kidogo, na shati lake halikupigwa pasi. Mtupaji wa kwanza alirusha, mwamuzi akaita umbali, Loretta akaandika. Wa pili akarusha. Ndipo Amos akasema:

"Nilikuwa Omaha na timu. Barua yako niliisoma kwenye basi, mbele ya wasichana ishirini na sita. Kocha aliisoma kabla yangu. Wote waliisoma kabla yangu. Nikashusha kofia usoni nikajifanya nimelala, saa saba nzima."

"Pole kwa safari."

"Tuliposhuka nikamwita Bettina. Nikamwuliza lile swali. Akaniambia alijua. Tangu Januari alijua ni tatu nukta nne tisa nane. Alinyamaza kwa sababu aliniona nimefurahi, hakutaka kuniharibia. Akaniambia, 'Ungeniuliza tu, ningesema.'" Aliitazama mikono yake. "Mimi namwuliza kila mtu kila kitu. Hilo sikuliuliza kwa sababu nilijua jibu litanipokonya ubingwa. Kosa likawa langu, nikalitupa kwako, kwa sababu ulikuwa karibu. Nisamehe."

Kalamu ya Loretta ilisimama. Alitaka kusema nimekusamehe, lakini palikuwa na kitu kingine mbele.

"Kuhusu Bettina nimekusamehe. Lakini ulisema nilijua Pakou anafuata. Ulisema nilishika kisu chini ya meza."

"Nilisema."

"Unaamini hivyo?"

"Siku ile nilitaka kuamini. Mtu ukiumia unatafuta mwizi." Akavuta kiti, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya Loretta. "Nimekuja kwa hilo hasa. Sikukuuliza, nilikuhukumu. Sasa nakuuliza. Loretta, ulijua?"

"Sikujua."

"Haya."

Loretta alingoja aendelee. Amos alikaa tu, upepo unampeperusha kola.

"Haya nini?"

"Haya, hukujua."

"Bwana Stensrud ana orodha ya fomu nilizoonyeshwa," Loretta alisema harakaharaka. "Zina tarehe. Ninaweza kumwomba akutumie. Na ile bahasha niliyohesabia ninayo, ipo nyumbani, utaona mwenyewe kwamba..."

"Sitaki bahasha."

"Tarehe zinaonyesha wazi, Amos, dakika tano tu..."

"Mpenzi. Nimekuuliza, umenijibu. Mambo yamekwisha."

Loretta Piontek alikuwa ameishi miaka thelathini na mmoja akiambatanisha ushahidi. Kazini, benki, kwa mama yake, kwa Mungu mwenyewe, alikwenda na karatasi mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kulichukua neno lake lilivyo, tupu, bila saini wala muhuri, akaliweka mfukoni na kuridhika. Machozi yalimtoka bila breki, yakadondoka kwenye karatasi ya matokeo, na wino wa safu nzima ukaanza kutembea.

"Bibi we!" mwamuzi alipiga kelele kutoka uwanjani, kanda ya kupimia mkononi. "Huyu wa mwisho umemwandikia ngapi?"

"Sijui!" Loretta alijibu, akilia na kucheka, mkono wake tayari umo mkononi mwa Amos. "Pima tena!"